Darasa la saba linaondoka, ada haitashuka

Watoto walioingia darasa la tatu Januari 2024 watamaliza elimu ya msingi mwaka 2027 wakiwa darasa la sita. Mwaka huohuo, wenzao waliokuwa darasa la nne mwaka 2024 watamaliza darasa la saba kwa mtaala wa zamani, nao watakuwa wa mwisho. Hayo yanatokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania ya mwaka 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma Februari 2025, inayofanya elimu ya msingi kuwa miaka sita na elimu ya lazima kuwa miaka kumi. Wazazi wengi wenye watoto katika shule za parokia na za mashirika ya watawa wameisikia habari hii kama punguzo: mwaka mmoja wa ada umefutwa. Wenye shule nao, wengi wao, wameisikia kama jambo la mtaala, yaani vitabu vipya, semina za walimu na ratiba mpya. Naona pande zote mbili zimeshika jambo dogo na kuliacha kubwa. Kwa shule ya msingi ya Kikatoliki inayoishi kwa ada, kuondoka kwa darasa la saba ni tukio la fedha na la mali ya Kanisa, na litatokea kwa siku moja, Januari 2028 shule zitakapofunguliwa. Shule itakayolipangia mapema italivuka bila kupandisha ada. Itakayongoja itajikuta inachagua kati ya kuwabana wazazi na kukimbilia kufungua sekondari isiyo tayari, na njia zote mbili zina hasara.

Kwa nini jambo hili liwe zito kwa shule hizi kuliko kwa shule za serikali? Jibu liko kwenye namna shule hizi zilivyozaliwa. Shule nyingi za msingi za misheni zilichukuliwa na serikali kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Zile tunazoziita leo shule za msingi za Kanisa, kwa sehemu kubwa za mchepuo wa Kiingereza, zimekua baada ya sera ya elimu ya 1995 kufungua mlango kwa watu na mashirika binafsi. Zimejengwa kwa harambee za waamini, kwa misaada ya marafiki wa mapadre na masista, na kwa mikopo. Ila tangu zilipoanza kufundisha zinaendeshwa kwa ada. Hati ya makubaliano ya mwaka 1992 kati ya serikali na makanisa iligusa afya na elimu, lakini matunda yake yameonekana zaidi hospitalini, ambako hospitali teule, yaani za Kanisa zilizopewa kazi ya hospitali ya wilaya, hupata watumishi na ruzuku ya serikali. Shule ya msingi ya parokia haipati hata ile ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka inayokwenda shule ya serikali. Ndiyo sababu mabadiliko yaleyale yanaipa shule ya serikali nafuu, kwa kuwa darasa moja lililojaa watoto linapungua na chumba kinapatikana, huku yakiipunguzia shule ya Kanisa kipato chake pekee.

Tupige hesabu kwa shule ya mfano, yenye mkondo mmoja, yaani chumba kimoja kwa kila darasa, ili kila msomaji aweke tarakimu za shule yake. Ina darasa moja la awali lenye watoto 25 na madarasa saba yenye watoto 40 kila moja. Ada ya awali ni shilingi 900,000 kwa mwaka, na ada ya darasa la kwanza hadi la saba ni 1,200,000, chakula kikiwa ndani yake. Wote wakilipa, shule inaingiza milioni 22.5 kutoka awali na milioni 336 kutoka msingi, jumla milioni 358.5. Mwishoni mwa 2027 madarasa mawili yanatoka kwa pamoja na Januari 2028 darasa moja linaingia. Shule inabaki na madarasa sita. Kipato kinashuka kwa milioni 48, zaidi kidogo ya asilimia 13, na hakirudi tena kwa sababu mwaka unaofuata nao una madarasa sita.

Mtu anaweza kusema basi na matumizi yatashuka kwa kiasi hichohicho. Hayashuki, na sababu iko kwenye ratiba ya walimu. Kuanzia darasa la tatu kwenda juu, mwalimu hamiliki darasa; anamiliki somo, na analifundisha katika madarasa kadhaa. Tuseme kila darasa lina vipindi 40 kwa wiki. Madarasa matano, la tatu hadi la saba, yana vipindi 200, na walimu wanane wanavigawana 25 kila mmoja. Darasa la saba likiondoka vinabaki vipindi 160, yaani 20 kwa kila mwalimu. Kilichopungua ni kazi ya mwalimu mmoja na zaidi ya nusu, lakini kimetapakaa: vipindi vitano vya mwalimu wa hisabati, vitano vya sayansi, vitano vya Kiswahili. Huwezi kumwachisha mwalimu vipindi vyake vitano. Unalazimika kuwapunguza walimu wawili wazima na kuwaomba sita waliobaki wafundishe masomo zaidi ya waliyosomea, na vipindi vyao vinapanda hadi karibu 27 kwa wiki, juu ya vile walivyokuwa navyo kabla. Mlinzi ni yuleyule. Mhasibu ni yuleyule. Dereva anapita njia ileile hata kama viti kadhaa ni vitupu.

Hata hivyo tuchukue njia hiyo kali. Walimu wawili wanapunguzwa, kila mmoja analipwa 700,000 kwa mwezi. Ukiongeza asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, anayochangia mwajiri, kila mmoja aligharimu 9,240,000 kwa mwaka. Wawili ni 18,480,000. Chakula cha watoto 40, uji na mlo wa mchana, tukikadiria shilingi 1,500 kwa siku kwa siku 194 za masomo, ni 11,640,000. Jumla ya kilichookolewa ni 30,120,000. Kilichopotea ni milioni 48. Pengo linalobaki ni shilingi 17,880,000 kila mwaka. Ukiligawa kwa watoto 240 waliobaki madarasa ya msingi, kila mmoja anadaiwa 74,500 zaidi. Ndipo lilipo kosa la mzazi anayengoja punguzo: shule isipofanya lolote, ada itapanda.

Kwa haki, mzazi bado ana cha kusema hapo. Nyongeza ya 74,500 kwa miaka sita ni 447,000, wakati ada ya mwaka mmoja aliosamehewa ni 1,200,000. Akimpeleka mtoto sekondari ya serikali, ambako ada ilishaondolewa, amebakiwa na 753,000 mfukoni. Hesabu hiyo ni sahihi na ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote dhidi ya ninayosema. Udhaifu wake ni kwamba inamhesabu mzazi ambaye mtoto wake anaingia darasa la kwanza sasa na ana uwezo wa kubeba nyongeza leo ili avune faida miaka sita baadaye. Mzazi anayelipa kwa awamu nne, anayefika ofisi ya mhasibu na risiti ya benki ya 150,000 huku akiomba mwezi mmoja zaidi, hapimi hivyo. Yeye anapima awamu ya Januari. Huyo ndiye huondoka kwanza ada ikipanda. Naye akiondoka katika darasa la tatu, kiti chake ni vigumu kujazwa, maana wazazi wengi hutafuta shule mtoto akiwa anaanza awali au darasa la kwanza. Watano wa namna hiyo wakiondoka, milioni sita nyingine za ada zimekwenda nao, na pengo linafunguka upya.

Shule zenye bweni zinabeba mzigo wa pili. Waraka wa Kamishna wa Elimu wa mwaka 2023 ulisitisha bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne kuanzia Machi mwaka ule. Niliuona uamuzi sahihi na bado nauona hivyo. Mtoto wa miaka saba mahali pake ni nyumbani. Lakini tazama mfuatano wake. Bweni lililojengwa kwa ajili ya madarasa saba likabaki na matatu: la tano, la sita na la saba. Kuanzia 2028 litabaki na mawili. Bweni la vitanda 120 lililojazwa na madarasa matatu ya watoto 40 litakuwa na vitanda 40 vitupu, huku matroni, mlinzi wa usiku, mpishi wa chakula cha jioni, maji na mwanga vikibaki vilevile. Shirika la watawa lililokopa kujenga bweni hilo, na kupanga marejesho kwa idadi ya watoto wa wakati ule, linahitaji kukaa na benki kabla ya 2028, wakati bado linalipa kwa wakati na lina heshima ya kuzungumza. Mkopeshaji humsikiliza zaidi mteja ambaye hajachelewa.

Kuna hoja inayorudiwa kila penye mazungumzo ya ada za shule za Kanisa: Kanisa lina fedha, lizibe. Hii ndiyo dhaifu kuliko zote. Sadaka ya Jumapili na zaka za parokia zina kazi zake, na sehemu yake hupelekwa jimboni. Sheria ya Kanisa yenyewe, kanuni ya 1267, inasema matoleo ya waamini yaliyotolewa kwa lengo fulani hayatumiki ila kwa lengo hilo. Fedha zilizokusanywa kwa ujenzi wa kigango haziwezi kulipa mishahara ya shule bila kuwakosea waliozitoa. Tena waamini wengi wa parokia hawana mtoto katika shule ile. Mjane wa jumuiya ndogo ndogo anayetoa mia tano kila Jumapili, wajukuu wake wako shule ya serikali. Kumwambia yeye afidie ada ya mtoto wa mfanyabiashara ni kugeuza mambo juu chini. Kama kuna ruzuku iliyofichika katika shule hizi, ni kazi ya masista wanaofundisha na kusimamia kwa malipo ya chini ya yale ambayo soko lingewapa, na hiyo imeshatumika tayari. Bila hiyo ada ingekuwa juu zaidi.

Hoja nyingine ni kwamba watoto wanapoteza mwaka wa masomo. Hapa sikubaliani na wenye shule wanaoitumia kuwatia wazazi hofu. Katika shule nyingi za mchepuo wa Kiingereza, mada za darasa la saba humalizwa mapema, pengine Machi au Aprili, na miezi inayobaki hadi mtihani wa Septemba ni marudio: mitihani ya majaribio ya kila wiki, ya wilaya, ya mkoa, kambi za usiku na masomo ya Jumamosi. Kazi hiyo yote ilikuwa ya kutafuta wastani wa A na nafasi katika orodha, na orodha yenyewe imepoteza uzito tangu Januari 2023, Baraza la Mitihani, NECTA, lilipoacha kutangaza shule bora. Mtoto hapotezi mwaka wa kujifunza. Kinachopotea ni mwaka wa kukariri maswali, na kwa baadhi ya shule, michango ya kambi iliyokuwa ikiingia nje ya ada. Shule iliyozoea michango hiyo iiweke nayo kwenye hesabu ya pengo, kwa uwazi, badala ya kuilinda kwa jina la taaluma.

Jambo la kuhofia kitaaluma ni jingine. Kidato cha kwanza cha 2028 kitapokea makundi mawili: moja lililosoma miaka saba kwa mtaala wa zamani, na jingine lililosoma miaka sita kwa mtaala mpya. Kitakuwa na watoto wa miaka 12 na wa miaka 13 na zaidi katika chumba kimoja. Nafasi za sekondari za Kanisa na za seminari ndogo hazitaongezeka maradufu kwa mwaka mmoja, ila waombaji wataongezeka maradufu. Mtihani wa kujiunga ukitungwa kwa mtaala wa zamani utawaonea wa darasa la sita. Ukitungwa kwa mtaala mpya utawaonea wa darasa la saba. Ofisi za elimu za majimbo zinapaswa kukubaliana sasa kutunga karatasi mbili na kutenga nafasi kwa kila kundi. Shule ya msingi nayo isiwaambie wazazi wa darasa la sita kwamba nafasi zipo, kabla haijapata jibu la maandishi kutoka sekondari inazozitegemea.

Kutokana na ushindani huo ndipo linapozaliwa wazo linaloonekana tamu: chumba cha darasa la saba kipo, walimu wawili wapo, wazazi wanatafuta kidato cha kwanza, kwa nini tusifungue sekondari hapahapa? Nimelipima na naliona hatari kwa shule nyingi. Usajili wa shule una hatua zake: kibali cha kujenga, kuthibitishwa kwa mwenye shule na meneja, kisha usajili wenyewe baada ya Wathibiti Ubora kukagua majengo, vyoo, maabara, samani na sifa za walimu. Sekondari inahitaji maabara za fizikia, kemia na baiolojia na walimu wenye stashahada au shahada ya masomo hayo. Mwalimu wa msingi mwenye cheti cha ualimu cha daraja la IIIA hawi mwalimu wa sekondari kwa kuhamishwa chumba. Kinachoharibika kwa kawaida ni mpangilio wa hatua: shule inapokea ada ya kidato cha kwanza Januari ikitumaini usajili utatoka Machi, usajili unachelewa, hakuna namba ya kituo cha mtihani, na inapofika upimaji wa kidato cha pili watoto hawana pa kufanyia. Wazazi wanaanza kuhangaika na uhamisho, na jina la parokia linatajwa vibaya sokoni. Zaidi ya hayo, wingi wa 2028 ni wa mwaka mmoja tu. Mwaka 2029 kidato cha kwanza kitapokea darasa moja kama kawaida. Sekondari iliyojengwa kwa kutazama mwaka wa wingi itakaa na vyumba vitupu mwaka wa pili. Mwenye ardhi ya kutosha na mpango wa miaka kumi afungue. Mwenye chumba kimoja kitupu asifungue.

Naamini chumba kile kina matumizi bora, nayo ni awali. Sera mpya inaweka mwaka mmoja wa awali kabla ya darasa la kwanza, na kiwango cha serikali ni watoto 25 kwa darasa la awali na 45 kwa darasa la msingi. Shule yetu ya mfano ina awali ya watoto 25 na kila Januari inahangaika kutafuta watoto 15 wa nje ili kujaza darasa la kwanza. Chumba cha darasa la saba kikipunguzwa urefu wa ubao, kikapata meza fupi, mikeka na choo cha watoto wadogo karibu, kinakuwa awali ya pili yenye watoto 25. Wanaleta milioni 22.5. Toa mwalimu mmoja, 9,240,000, na chakula, 7,275,000. Zinabaki 5,985,000 kwa mwaka. Peke yake haizibi pengo. Faida yake kubwa ni kwamba sasa awali inatoa watoto 50, na darasa la kwanza linaweza kuanza na 45 bila kuvuka kiwango. Watoto watano wa ziada, baada ya kutoa chakula chao, wanaacha 4,545,000, na kila mwaka darasa moja zaidi linakuwa na 45.

Fuata miaka. Mwaka 2028 pengo la 17,880,000 linapungua hadi 11,895,000 kwa sababu ya awali. Mwaka 2029 linabaki 7,350,000. Mwaka 2030 linabaki 2,805,000. Mwaka 2031 limeziba na kuna ziada ndogo. Jumla ya upungufu wa miaka hiyo mitatu ni shilingi 22,050,000. Hizo ndizo fedha ambazo shule hii inatakiwa kuwa nazo akibani kabla ya mwisho wa 2027 ili isiguse ada kabisa kwa sababu ya darasa la saba. Kwa shule yenye kipato cha milioni 358 kiasi hicho hupatikana, kikikusanywa kidogo kidogo. Hakipatikani Desemba 2027.

Kitapatikana wapi? Kwanza, kwenye manunuzi yanayoweza kuahirishwa. Shule inayofikiria kununua basi la pili ihesabu kwanza kwamba Januari 2028 itakuwa na abiria wachache. Vitabu vya darasa la saba visinunuliwe tena. Nakala zilizopo zikarabatiwe, zijaladiwe, zimalize kazi. Pili, kwenye madeni. Kila mhasibu wa shule anajua kwamba deni la darasa linalotoka ndilo gumu kulipwa, kwa kuwa mzazi hana tena sababu ya kurudi getini. Kama kila mwaka darasa la saba huondoka na deni la asilimia 10 ya ada, katika shule ya mfano hilo ni milioni 4.8. Mwaka 2027 yanatoka madarasa mawili, na deni linakuwa milioni 9.6, karibu nusu ya akiba yote tunayoitafuta. Kwa hiyo wazazi wa madarasa yale mawili waitwe Januari 2027, si Septemba. Kila mmoja apewe taarifa yake ya malipo iliyosainiwa na pande mbili, na ratiba ya kumaliza kabla ya muhula wa pili kuanza. Anayeshindwa kweli atajulikana mapema, na parokia itaamua kumsaidia kwa hiari, badala ya kumsamehe kwa kushindwa kumpata.

Tatu, mikataba ya walimu. Shule nyingi huajiri kwa mikataba ya miaka miwili. Mkataba utakaosainiwa Januari 2027 unavuka hadi Desemba 2028, na shule itajikuta imefungwa mwaka mzima na mwalimu isiyemhitaji. Mkataba unaoisha Desemba 2026 uongezwe kwa mwaka mmoja, na mwalimu aambiwe wazi sababu yake. Walio kwenye ajira ya kudumu wana haki zao chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: kupewa taarifa ya nia ya kupunguza watu, sababu zake na vigezo vya kuchagua, kushauriwa, kisha kulipwa kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliomaliza, hadi miaka kumi. Shule inayomwita mwalimu Ijumaa ya mwisho wa muhula na kumpa barua imemkosea mwalimu na imejitengenezea kesi. Na kabla ya kumwondoa mtu, iulizwe nani anaweza kusomea awali. Kozi ya elimu ya awali chuoni humtaka mwalimu muda. Akianza sasa atakuwa tayari darasa la pili la awali litakapofunguliwa.

Yote haya yanataka jambo moja ambalo shule zetu bado zinalionea aibu, nalo ni kufungua vitabu vya hesabu. Kanuni ya 537 inaitaka kila parokia iwe na kamati ya fedha, na kanuni ya 1284 inamtaka msimamizi wa mali za Kanisa kutunza vizuri vitabu vya mapato na matumizi na kutoa hesabu kila mwaka. Mara nyingi shule huachwa mikononi mwa meneja na mhasibu, na kamati huona takwimu moja tu, ile ya salio. Wazazi nao huona ada tu. Paroko au sista mkuu akisimama mbele yao na karatasi moja yenye idadi ya watoto kwa kila darasa kuanzia 2026 hadi 2031, kipato, mishahara na chakula, mazungumzo ya ada hubadilika sura. Kuna wanaohofia kwamba wazazi wakijua watataka kuamuru. Mali ni ya jimbo au ya shirika la watawa, iko chini ya wadhamini waliosajiliwa, na askofu ana mamlaka ya kuzikagua shule za Kikatoliki zilizo katika jimbo lake, hata zile za mashirika ya watawa. Hakuna mzazi anayeichukua kwa kuonyeshwa hesabu. Mzazi anayejua pengo ni milioni ngapi hana sababu ya kuhisi kwamba ada yake inajenga nyumba ya mtu.

Ushindani nao unaongezeka. Tangu Januari 2024 Kiingereza ni somo kuanzia darasa la kwanza katika shule zote. Mzazi aliyekuwa analipa 1,200,000 ili mtoto aanze Kiingereza mapema ana sababu moja pungufu. Shule ya Kikatoliki ikibaki inajitangaza kwa Kiingereza na wastani wa mtihani pekee, imejenga juu ya vitu viwili ambavyo sera imevipunguzia thamani.

Ina kitu kingine, na hicho nacho kinaguswa na kalenda mpya. Katika parokia nyingi watoto hupokea Komunyo ya Kwanza wakiwa darasa la tatu au la nne, na Kipaimara wakiwa la sita au la saba, kabla hawajatawanyika kwenda sekondari za mbali. Mwaka 2027 madarasa mawili yatamaliza kwa pamoja. Shule inayotoa Kipaimara darasa la saba itakuwa na watoto 80 mahali pa 40, nusu yao wakiwa wamekosa mwaka mmoja wa mafundisho ambao katekista alikuwa anautegemea. Mafundisho ya darasa la sita inabidi yaanze wakiwa bado la tano, mwaka 2026, vipindi viwili kwa wiki ndani ya ratiba na kimoja Jumamosi na watoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto cha parokia. Vyeti vya ubatizo vikusanywe mapema, kwa sababu hapo ndipo kazi hukwama: mtoto amebatizwa Sumbawanga, anasoma Morogoro, kadi imepotea, na hakuna anayeikumbuka namba ya LB, yaani ya kitabu cha ubatizo. Kuitafuta kwa barua kutoka parokia moja kwenda nyingine kunaweza kuchukua miezi. Kipaimara kikishatolewa lazima kiandikwe kitabuni, na parokia ya ubatizo ipewe taarifa. Kwa watoto 80 hiyo ni kazi ya wiki kadhaa kwa karani wa parokia. Askofu hupanga ziara zake za Kipaimara mwaka mmoja kabla. Barua ya paroko ya kuomba tarehe ya 2027, ikitaja idadi maradufu na sababu yake, inatakiwa iwe imefika ofisi ya jimbo kabla ya Majilio ya 2026, kipindi cha kungoja Noeli, wakati uleule ambapo bajeti ya shule ya 2027 inapitishwa na kamati ya fedha.